Thumuni ya Hamdani, Sufuria za Sam

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekuwa ameishi Unguja, alichapisha kitabu cha hadithi alizosimuliwa na Waswahili wa mjini. Mojawapo ni ya Sultan Darai. Anayeibeba hadithi hiyo wala si sultani. Ni maskini aitwaye Hamdani, ambaye kila kukicha huenda jaani kuparura takataka kama kuku, akitafuta punje za mtama. Siku moja vidole vyake vinagusa kitu kigumu: thumuni, sehemu ya nane ya riale. Akapita mtu wa shamba amebeba tundu la paa wa kuuza, na watu wakamcheka muuzaji kwa kusimama kupoteza wakati na mtu anayekula jaani. Hamdani anatoa thumuni yake, ananunua paa, anabaki na njaa yake. Paa huyo atasema kama binadamu, ataokota almasi, atamposea bwana wake binti wa sultani, na atamuua joka mwenye vichwa saba ili bwana huyo apate jumba la kukaa.

Anayetaka kujua ulimwengu wa hadithi hii umesimama juu ya nini asianze na joka. Aanze na thumuni.

Msimulizi wa pwani huomba ruhusa ya kusema uongo kabla hajafungua kinywa vizuri, na wasikilizaji humpa: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Kwa hiyo suala la paa kusema limekwisha mlangoni; hakuna atakayelirudia. Ila ruhusa hiyo ina mpaka wake. Waliokaa jamvini wanajua thumuni hununua nini, wanajua mtama hutupwa lini na kwa nini, wanajua kuposa kwa mkubwa hakufanywi mikono mitupu. Paa akisema wanaitikia. Hamdani angenunua paa bila pesa, wangemkatiza msimulizi palepale na kumuuliza huyo maskini kazipata wapi.

Na thumuni ile hairuhusiwi kupotea. Hamdani akishatajirika, paa anaugua. Bibi kizee wa nyumba anakwenda kwa bwana kuuliza mgonjwa apewe nini, na bwana anaagiza apikiwe uji wa mtama mbovu, huku akikumbusha kwamba paa mwenyewe alimnunua kwa thumuni tu. Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani. Mke wa Hamdani, aliyeujua wema wa yule mnyama, anaomboleza, na baba yake sultani anakuja kuomboleza naye. Kisha Hamdani analala kitandani mwa hariri na kuamka jaani, anaparura. Mtama umerudi, jaa limerudi, bei iliyotajwa mwanzo imegeuka kuwa hukumu. Sijui hadithi nyingine ya Kiswahili iliyofunga hesabu zake kwa ukali kama huo.

Nalitumia neno hesabu kwa makusudi. Nikilinganisha namna watu wa mapokeo mbalimbali wanavyojenga nchi zisizokuwepo, naona wote wanakabiliwa na swali moja: nani anakagua? Mwandishi amejipa uwezo wa kufanya lolote, na msomaji anaamini pale tu anapoona kuna mtu au kitu kinachomzuia mwandishi huyo kufanya lolote. Ninachokiona kutofautiana kutoka mapokeo hadi mapokeo ni yule mkaguzi. Jamvini mkaguzi yupo mzimamzima, ana njaa, ana ndimi kali, na kesho ataisimulia hadithi hiyohiyo kwake.

Mwandishi wa kitabu hana jamvi. J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyefundisha Kiingereza cha kale, alitoa mhadhara juu ya hadithi za ajabu katika Chuo Kikuu cha St Andrews mwaka 1939. Hoja yake moja imekuwa msingi wa karibu kila mjadala uliofuata: yeyote mwenye lugha anaweza kusema jua la kijani, na wengi wanaweza hata kulichora, kazi ngumu ni kutengeneza dunia ambayo ndani yake jua la kijani litaaminika. Dunia hiyo haihitaji kufanana na yetu, lakini haina budi kukubaliana na nafsi yake. Tolkien aliichukua kauli hiyo kwa uzito ambao watu wachache wangeuvumilia. Alibuni lugha kwanza, akazipa sarufi na historia ya sauti zake, moja akiiegemeza kwenye Kifini na nyingine kwenye Kiwelisi, kisha akatafuta watu wa kuzisema. Alitumia ramani na kulazimisha safari zifuate umbali uliomo ramanini. Alipolinganisha sura za The Lord of the Rings, iliyotoka mwaka 1954 na 1955, alikagua hata mwezi: ukiwa mpevu kwa Frodo, mhusika wake mkuu, usiku fulani, lazima uwe mpevu kwa wenzake walio mbali usiku huohuo.

Watu wengi husifia ramani na lugha hizo, na ndizo zinazoigwa zaidi. Mimi naona jengo lote lile linashikiliwa na sufuria. Sam, mtunza bustani anayemfuata Frodo, ametoka kwao na vyombo vya kupikia mgongoni. Msomaji anavisahau, anavikumbuka, anavisahau tena. Njiani, wakiwa karibu na nchi ya adui, Sam anapata sungura wawili na kuwapika mchuzi, na moshi wa moto wake unawaponza. Halafu ndani ya nchi hiyo, Mordor, maji yanakwisha na miguu haibebi tena, wanaamua kutupa kila kisichohitajika. Sam anavitumbukiza vyombo vyake katika ufa wa ardhi. Mlio wa vile vyombo vikigonga mwamba kuelekea chini unamuuma moyoni. Kabla ya hapo Mordor ilikuwa jina la kutisha kwenye ramani. Baada ya hapo ni mahali ambapo mpishi amekata tamaa ya kupika tena maishani mwake, na mtu yeyote aliyewahi kuhama nyumba akiacha vyombo anapajua.

Sufuria za Sam na thumuni ya Hamdani ni ndugu. Vyote viwili ni vitu vidogo, vinaingia mapema bila makeke, na vinadai malipo mwishoni. Lakini tazama tofauti. Thumuni ilikaguliwa na watu waliokuwa wakiishika kila siku. Sufuria zilikaguliwa na mtu mmoja chumbani, na kalenda yake, kwa miaka mingi. Ndiyo maana dunia ya Tolkien imejaa nyaraka, nasaba na viambatisho: alilazimika kuwa msimulizi na jamvi kwa wakati mmoja. Anayeiga nyaraka hizo bila kujua kwamba zilikuwa badala ya wasikilizaji atapata makabrasha tu.

Miaka miwili kabla ya vitabu hivyo, kampuni ya Faber ya London ilitoa The Palm-Wine Drinkard ya Amos Tutuola, Myoruba aliyekuwa tarishi katika idara ya kazi mjini Lagos. Kabla yake D.O. Fagunwa alikwisha fungua njia kwa Kiyoruba mwaka 1938, kwa riwaya ya mwindaji anayeingia katika msitu wa mizimu, na Tutuola anadaiwa naye waziwazi. Lakini Tutuola ana jambo lake. Msimulizi wake ni mlevi wa tembo, ambaye baba yake amempa shamba la michikichi 560,000 na mgema wa kumgemea. Mgema anagema vibuyu 150 asubuhi na 75 jioni. Siku anapoanguka kutoka mtini na kufa, mlevi anafunga safari kwenda kumtafuta katika mji wa wafu, kwa sababu hakuna mgema mwingine anayefikia kiwango hicho.

Msomaji wa pwani, anayemwona mgema akipanda na kata yake kiunoni, hana haja ya kufafanuliwa msiba huo.

Katika riwaya hiyo kuna bwana mtanashati sokoni ambaye binti mmoja anamfuata kwa kuvutiwa na umbo lake. Wakiingia msituni, bwana anaanza kurudisha viungo alivyokodi: miguu kwa mwenyewe, na kodi yake, mikono kwa mwenyewe, na kodi yake, hadi anabaki fuvu linaloruka njiani. Na kuna mahali ambapo mlevi na mkewe wanafika kwenye mti mweupe mkubwa, na mlangoni wanatakiwa kuacha kifo chao na hofu yao. Kifo wanakiuza kwa pauni 70, shilingi 18 na peni 6. Hofu wanaikopesha kwa riba ya pauni 3 na shilingi 10 kwa mwezi. Wanapotoka, aliyeikopa hofu anairudisha na riba yake. Kifo hakirudi, kwa kuwa kiliuzwa. Tangu hapo katika safari zao zote wanaogopa kama watu wote wanavyoogopa, lakini hawawezi kufa.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara ninastaajabia uadilifu wake. Mtu angeweza kusema walikuwa mashujaa wasiokufa, akaishia hapo. Tutuola aliandika kama mtu anayejua tofauti ya kuuza na kukopesha, tofauti ambayo kila mfanyabiashara wa sokoni anaijua na kila tarishi wa ofisi ya serikali ameiona kwenye makaratasi. Mkaguzi wake ni soko. Msitu wake una viumbe ambao hakuna aliyewaona, lakini stakabadhi zake ni sahihi.

Hapa ningependa kubishana kidogo na Gabriel García Márquez, ninayempenda sana. Katika mahojiano ya mwaka 1981 alieleza mbinu aliyoichukua kutoka kwenye uandishi wa habari: ukisema ndovu wanaruka angani, watu hawataamini, ukisema ni ndovu 425, huenda wakaamini. Ni kweli kwamba takwimu hutuliza shaka. Lakini takwimu peke yake hudumu ukurasa mmoja. Pauni 70 za Tutuola zinaaminika kwa sababu sura kadhaa baadaye mtu anakataa kufa, na sababu ni zile pauni. Ndovu 425 wasiokula shamba la mtu wala kuangusha kinyesi juu ya paa la mtu watasahaulika mara tu wanapopita. Na Márquez mwenyewe, katika riwaya yake ya mwaka 1967, hakuishia kwenye idadi: alipompaisha mbinguni msichana mrembo alimpaisha pamoja na shuka zilizokuwa zikikunjwa, na akamwacha wifi yake duniani akilalamikia shuka zake.

Sasa turudi kwetu, kwa mjenzi wa nchi aliye mkubwa kuliko wote katika Kiswahili cha kuandikwa. Shaaban Robert aliingia kazini forodhani mwaka 1926 na kufanya kazi ya ukarani huko kwa miaka mingi. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ni nchi inayoning'inia angani, na mipaka yake ni pepo: matlai mashariki, umande magharibi, kaskazi upande wa kaskazini, kusi upande wa kusini. Tolkien angelazimika kueleza nchi inaning'iniaje hewani. Shaaban Robert hakueleza, na hakuna msomaji wake wa Tanga au Lamu aliyeuliza, kwa sababu alipewa ukuta anaoujua mwilini. Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba, kusi ndiyo iliyoyarudisha. Biashara, ndoa na nasaba za pwani yote zilipangwa kwa pepo hizo mbili. Kuifanya pepo iwe mpaka ni kuichora ramani kwa wino ambao tayari uko machoni pa msomaji.

Linganisha na Kufikirika, riwaya yake iliyochapishwa mwaka 1967 akiwa amekwisha fariki. Huko mipaka ni nchi ya Anasa, nchi ya Majaribu, bahari ya Kufaulu na milima ya Jitihadi. Somo ni zuri, lakini milima hiyo haina baridi na bahari hiyo haina chumvi. Nawaheshimu wanaosema kwamba hayo ndiyo matakwa ya istiari. Bado naona mwandishi yuleyule alikuwa na uwezo wa kutupa pepo, na mara hii akatupa maadili. Kinachoiokoa Kufikirika ni waganga. Mfalme hana mrithi, na wanapita mbele yake wa mizizi, wa makafara, wa mazinguo, wa hirizi, wa mashetani, kila mmoja na utaalamu wake. Hapo nchi inapata damu. Na mtoto akishapatikana na kuugua, tiba inayotajwa ni kafara ya mjinga mmoja na mwerevu mmoja. Gharama imetamkwa, na kuanzia hapo msomaji anakaa kitako.

Kusadikika yenyewe mkaguzi wake ni baraza. Waziri Majivuno anamshtaki kijana Karama kwa kutaka kuwafundisha watu uanasheria, na Karama, mbele ya mfalme, anajitetea kwa siku sita kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mawazo mema na kutiwa gerezani. Kila safari ni ya ajabu. Lakini kila safari inasemwa kizimbani, na neno la kizimbani lina uzito wake: linaweza kumwachia mtu au kumuua. Nikikumbuka kitabu hicho sioni nyumba wala mavazi. Nasikia sauti ya kijana anayejua kwamba sentensi moja mbaya itamgharimu maisha. Watu wa Tanganyika ya miaka ile walijua fika mashtaka ni nini na ukubwa wa kiti cha hakimu. Ajabu za angani zikaaminika kwa sababu ya utaratibu wa baraza uliokuwa hapa chini.

Adili na Nduguze, ya mwaka uliofuata, inadokeza njia ya tatu. Hadithi ina asili katika Alfu Lela U Lela, na ingeweza kuelea kama zulia. Lakini Sarahangi, mjumbe wa Mfalme Rai, anapolala kwa Adili anamwona usiku mwenyeji wake, mtu mpole kupindukia, akiondoka kwenda kuwacharaza viboko manyani wawili waliofungwa, kisha analia, kisha anawalisha. Usiku wa pili vilevile. Usiku wa tatu vilevile. Manyani ni ndugu zake, waliogeuzwa na jini kwa uovu wao, na jini huyo ameamuru wapigwe kila usiku; Adili asipotii, adhabu itamgeukia yeye, mpaka mfalme mwenyewe aingilie kati kuwaombea msamaha. Nimesoma maelezo mengi ya majini wenye nguvu. Hakuna aliyenishawishi kama huyu ambaye haonekani katika kurasa hizo, ila agizo lake linamtoa mtu mwema kitandani kila usiku na kumtia kiboko mkononi.

Mwandishi Ursula K. Le Guin aliielewa sana sheria hii, kwamba ajabu lazima ilipiwe. Katika A Wizard of Earthsea, mwaka 1968, kijana Ged anafundishwa kwamba kuigeuza changarawe moja kuwa kito kwa kweli ni kuibadilisha dunia nzima, na hatua hiyo si ya mchezo. Anapokaidi na kuita asichokijua, mkuu wa wachawi anakufa kwa kuziba ufa alioufungua, na Ged anabaki na makovu usoni. Ni gharama ileile ya makafara ya Kufikirika, ingawa visiwa vyake ni vingine kabisa.

Katika Kiswahili cha baadaye wapo waliojenga nchi kwa njia nyingine. Katama Mkangi katika Walenisi, mwaka 1995, anamwokoa mhusika wake Dzombo kutoka katika hukumu ya kifo na kumfikisha katika nchi ya haki. Napenda hasira ya mwanzo wake kuliko utulivu wa nchi yenyewe, kwa sababu palipo na haki kila upande hakuna kitu kinachouma, na pasipo maumivu nashindwa kupaona. Euphrase Kezilahabi katika Nagona na Mzingile, mwaka 1990 na 1991, alivunja daftari makusudi. Mahali na wakati vinayeyuka, na msomaji hana anachoweza kudai. Ni vitabu vikubwa, lakini havikuandikwa ili nchi yake isadikiwe, na anayevitumia kama mfano wa ujenzi wa ulimwengu anamwonea Kezilahabi na anajionea mwenyewe.

Hili linanigusa kwa sababu ya wanaoandika fantasia kwa Kiswahili sasa. Wana bidii na wana wasomaji. Lakini wengi huanza na ngome ya mawe, theluji, na falme tatu zinazogombana, vitu ambavyo si wao wala si wasomaji wao wanaovijua bei. Wanaazima ramani ya Tolkien huku wameacha mkaguzi wao mwenyewe amekaa jamvini. Pwani ina bamvua na maji mafu, ambayo humwambia mvuvi ni saa ngapi anaweza kutoka na saa ngapi hawezi. Jini atakayepanda na bamvua amekwisha pata sheria yake. Ina nadhiri na madeni ya waliokufa. Ina pepo ambao wana makabila, majina na vyakula vyao. Kibuki wa Unguja, anayehusishwa na Bukini, nchi tunayoiita leo Madagaska, anapompanda mtu husema anataka nini, na brandi haikosekani. Na fundi anayeongoza ngoma anajua nani kaja, na aanze na wimbo upi.

Hiyo ni dunia nzima, na mlango wake uko wazi. Mwandishi atakayeingia hana haja ya kueleza pepo ametoka wapi. Ana mambo mengine ya kuamua kabla ya ukurasa wa pili: mwenye pepo ni mama ntilie anayedaiwa dukani, pepo anataka brandi na kilemba kipya kabla ya Ijumaa, mume hajui lolote, na fundi hakopeshi.